Mvua Nyeusi: Jina kama Utanzu wa Fasihi Simulizi ya Wakipsigis

Wahakiki wengi wa fasihi simulizi wamezoea kuyachukulia maumbile kuwa vazi la maadili tu: sungura ni ujanja, fisi ni uroho. Mtazamo huo huenda ukazifaa hadithi, lakini unauacha nje utanzu mfupi kuliko tanzu zote, yaani jina. Katika nchi ya Kericho na Bomet, jina ndilo lililohifadhi uchunguzi wa maumbile.

Chukua majina ya kuzaliwa. Kiprop na Cherop walizaliwa mvua ikinyesha, Kipkoech, kulipopambazuka, Kibet, mchana. Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi zizini, na Kiprono mbuzi na kondoo walipokuwa wakirejea. Aliyetofautisha jioni ya ng'ombe na jioni ya mbuzi hakuwa akitunga tashbihi. Alikuwa akitaja saa, na saa yenyewe ilikuwa na kwato.

Miezi nayo iliitwa vivyo hivyo. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wanandi, jirani na ndugu wa Wakipsigis kwa lugha, mwaka 1909, aliorodhesha Kiptamo, joto la mashambani, akaulinganisha na Februari. Rob-tui, mvua nyeusi au mawingu meusi, na Juni. Puret, ukungu, na Julai. Kipsunde ulihusu sadaka ya shamba la nafaka. Lakini katika kalenda ya Kikalenjin itumikayo leo, Roptui ni Agosti na Buret ni Septemba. Je, nani amekosea? Swali hilo halina maana. Miezi 12 ya mwandamo ni takriban siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Jina la mwezi lilimtaka mtu atazame juu kila mara na kulirekebisha. Kalenda ya karatasi ndiyo iliyoligandisha.

Kuganda huko hakukuletwa na karatasi peke yake. Tangu makampuni ya Kiingereza yalipoanza kilimo kikubwa cha chai Kericho katika miaka ya 1920, kazi imefuata mchai, nao huchumwa mwaka mzima, tofauti na wimbi lenye msimu wake. Jioni ya mchumaji hujulikana kwa mizani ya majani. (Si kwamba mchumaji haoni: majani mawili na chipukizi ni uchunguzi makini mno, ila hupimwa kwa kilo na haujazaa jina la mtoto.)

Hapa ndipo mhakiki apaswapo kuwa mwangalifu asiyaite majina haya masalia. Bado watoto wanapewa. Lililobadilika ni kwamba Rotich na Koech yamekuwa pia majina ya ukoo katika vitambulisho na rejista za shule, yakirithiwa na mjukuu aliyezaliwa hospitalini saa sita mchana, pasipo ng'ombe karibu. Naye huyo, nyumbani, nyanya yake humwita Kibet.