Njia ya baba zetu, maaskari wa 1941

Sisi watoto wa maaskari tulisikia kwa baba neno moja tu: Saio. Tulipouliza zaidi, alinyamaza. Basi, tufuate nyayo zake namna gani?

Kwanza tutazame medali. Kama kwenye utepe kuna kipande cha chuma chenye neno «Abyssinie», baba alikuwa katika Force Publique iliyopita Sudani na kutwaa Asosa na Gambela mwezi wa 3, 1941. Mwezi wa 7, kule Saio, jenerali Gazzera wa Italia alijitoa kwa jenerali Gilliaert. Chakula kilipungua, na beriberi iliua wengine.

Lakini medali haisemi alirudi kwa nani. Tufungue kitabu cha ubatizo. Sheria ya Eklezya inamwagiza paroko wa mahali pa ndoa apeleke habari kwenye parokia ya ubatizo, iandikwe pembeni mwa jina. Kutoka pale twende parokia ya ndoa: kule tutakuta muke, na pengine ndugu tusiowajua.

Mapadri na wakatekista, tusichoke kupeleka habari hiyo. Mustari mumoja ukikosa, mutoto anakosa ndugu zake.