Nani aliwamaliza mbwa mwitu wa Serengeti?

Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Lengo lililotangazwa ni kwamba kufikia 2030 asiwepo mtu anayekufa kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Miaka iliyobaki inahesabika, na kwa sisi wa mwambao wa Tanganyika kuna kisa cha jirani kinachostahili kukumbukwa.

Ukitoka Rumonge kuelekea kusini, ukipita Nyanza-Lac na kuvuka mpaka, ufuo uleule unakufikisha Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe Julai 1960. Mumewe, mpiga picha Hugo van Lawick, alivutwa zaidi na nyika za Serengeti. Mwaka 1970 wawili hao walitoa kitabu kuhusu fisi, bweha na mbwa mwitu, wakati ambapo mbwa mwitu bado alihesabiwa mharibifu wa kupigwa risasi, hata ndani ya hifadhi. Baada yao walikuja watafiti wengine, safari hii na bunduki za sindano za usingizi na kola za redio.

Mwaka 1989, karibu na Masai Mara upande wa Kenya, kundi moja la mbwa mwitu 23 lilipoteza 21 kwa muda wa wiki sita hivi. Uchunguzi ulionyesha ni kichaa, na kirusi chake kilifanana na kile cha mbwa wa kufugwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulithibitishwa Serengeti, na watafiti wakayachanja makundi mawili. Kufikia katikati ya 1991 makundi yote yaliyokuwa yakifuatiliwa yalikuwa yametoweka.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Roger Burrows, mtafiti Mwingereza, aliwanyooshea kidole wenzake: mkono wa mtafiti ndio ulioua. Kumlaza mnyama kwa sindano, kumvisha kola na kumchanja, alidai, kulimtia mshtuko uliodhoofisha kinga yake na kukiamsha kirusi kilichokuwa kimelala mwilini. Shutuma hizo zilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1992, na majibu yakaja kwa hasira. Wapinzani wake walileta takwimu za mbwa mwitu kutoka hifadhi nyingine za Afrika: waliovishwa kola hawakufa zaidi ya wasioguswa. Huko Selous, Scott Creel na wenzake walipima homoni za mshtuko kwenye kinyesi, wasione tofauti ya maana. Burrows hakurudi nyuma.

Tatizo lilikuwa ushahidi. Kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo wa mnyama aliyekwisha kufa. Tangu 1903 Mwitaliano Adelchi Negri alikwisha kueleza alama zake ndani ya seli za ubongo. Lakini makundi ya mwisho ya Serengeti hayakuacha hata mzoga mmoja wa kupasuliwa, na nyikani fisi na jua havingoji daktari. Kwa maoni yangu hoja ya Burrows ilikuwa dhaifu, ila alistahili pongezi kwa kuwalazimisha wataalamu kupima kile walichokuwa wakikidhania tu.

Wakati wakubwa wakibishana, mbwa wa vijijini aliendelea kuzurura bila chanjo. Mwaka 1994 homa ya mbwa, ugonjwa mwingine kabisa, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Hapo ndipo watu walipozinduka. Kampeni ya kuchanja mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti ilianza 1996, na kichaa kwa mbwa kikashuka kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza, kisha asilimia 97 baada ya ya pili. Mbwa mwitu wenyewe walianza kurudishwa hifadhini mwaka 2012, wakitolewa Loliondo.

Somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa, na ni aibu kulisubiri lirudiwe kwenye ufuo wetu. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, kichaa hukosa njia. Viongozi wa tarafa wapeleke chanjo hadi mitaani na mialoni kwa wavuvi, wasimngoje mwenye mbwa aifuate mjini. Nawe msomaji ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona.