Blende ya tumbo la V: toka Afrika Kusini mpaka kwetu Bule

Wasomi wenzangu, hapa Bule hata mutoto mudogo anatambua mulio wa blende ya MONUSCO kabla haijatokea. Lakini ni wangapi kati yetu tunajua aina hii ya gari ilizaliwa wapi?

Ni historia ya Afrika. Miaka ya 1970, kule Rodezia (leo Zimbabwe) na Namibia, wapiganaji wa uhuru walikuwa wanafukia mabomu katika barabara za udongo. Gari ya kawaida iko na tumbo bapa: bomu ikilipuka, nguvu yote inapanda kwa wenye kukaa ndani. Mafundi wakainua tumbo mbali na udongo, wakalikunja kama herufi V. Sisi wa agronomia tunaelewa haraka: mai haikai kwenye muteremko. Vilevile nguvu ya bomu inatelezea pembeni. Ndiyo Casspir ya Afrika Kusini, uzito karibu tani 11. Waamerika walikuja kununua maelfu ya gari za namna hiyo kwa vita ya Irak, kuanzia 2007.

Lakini tusidanganyane. Casspir ile iliyookoa askari, ndiyo polisi ya apartheid walikuwa wanaingia nayo katika mitaa ya Weusi. Chuma haichagui mutu wa kumulinda. Ni mwenye funguo anachagua.

Huku Ituri, tarehe 25 Februari 2005, askari 9 wa Bangladesh waliuawa karibu na Kafe, katika territoire yetu ya Djugu, wakiwa kwenye patruye. Kwa hiyo simuchekeshi askari anayetaka chuma kati yake na kifo. Ako na mama kwao.

Ila usiku wa tarehe 1 kuamukia 2 Februari 2022, wakimbizi kama 60 waliuawa Plaine Savo, hapa hapa karibu. Wao walikuwa nyuma ya turubai tu.

Blende inajibu swali moja: mwenye kuwa ndani atapona namna gani? Swali letu ni lingine: mama mwenye kuenda shambani na jembe atarudi? Hilo halijibiwi na umbo la gari, linajibiwa na saa na njia ya patruye. Basi sisi wenye licence tufanye kazi yetu: tuandike kalenda ya kupanda na kuvuna, kijiji kwa kijiji, tuipeleke kwa wenye kupanga patruye. Wajue siku gani batu wako shambani, na kwa njia gani.