Mödlareuth, kijiji kilichokatazwa kuamkiana

Kijito cha Tannbach ni chembamba. Mtu mzima hukiruka bila kukunja suruali. Kinapita katikati ya Mödlareuth, kijiji cha wakazi wapatao 50 kaskazini ya mji wa Hof, Ujerumani, kwenye vilima vya mashamba na misonobari. Asili ya kijiji imo katika jina lake. Ile "reuth" ya mwishoni, ambayo imo pia katika jina la mji wa Bayreuth, maana yake ni ardhi iliyofyekwa msitu ili palimwe. Ni kazi ya shoka na jembe. Hakuna mfalme aliyejenga kasri hapa, wala vita vilivyopiganwa hapa vikapewa jina la kijiji.

Mpaka ndio uliokipa kijiji umaarufu. Mwaka 1810 nchi ya Bayreuth ilipoingia mikononi mwa Ufalme wa Bavaria, yalisimikwa mawe ya mpaka kando ya kijito: huku Bavaria, kule himaya ndogo ya Reuss. Kwa zaidi ya miaka mia moja mawe hayo hayakumsumbua mtu. Shule ilikuwa upande wa Reuss, na kilabu cha pombe kadhalika. Kanisa lilikuwa Töpen, upande wa Bavaria. Basi watoto walivuka kwenda kusoma, baba zao wakavuka kwenda kunywa, na Jumapili wote wakavuka kwenda kusali. Mwaka 1920 Reuss ikamezwa na jimbo jipya la Thuringia. Kijijini watu waliendelea kuoana.

Mwaka 1945, baada ya vita, Thuringia ikawa chini ya Wasovyeti na Bavaria chini ya Wamarekani, na mstari uliowatenganisha ulikuwa Tannbach. Kwa muda askari wa Kisovyeti walikaa hata ng'ambo ya Bavaria; waliondoka 1946. Zilipozaliwa dola mbili za Kijerumani mwaka 1949, nusu ya kijiji ikawa Ujerumani Magharibi na nusu ya pili Ujerumani Mashariki.

Balaa lenyewe lilianza Mei 1952. Serikali ya Mashariki ilitangaza eneo la kilomita 5 kutoka mpakani kuwa la vibali, mita 500 za mwisho zikawa za ulinzi mkali zaidi, na kwenye mstari wenyewe zikachimbuliwa mita 10 za udongo mtupu ili nyayo za mtu zionekane. Mwezi uliofuata zikaanza kuhamishwa kwa nguvu familia zilizodhaniwa si za kuaminika. Operesheni hiyo ilipewa jina la siri lenye maana ya wadudu waharibifu. Mtu anang'olewa alikozaliwa, halafu anaitwa mdudu! Familia ya kinu cha maji iliwahi kunusa hatari ikatorokea Magharibi kupitia dirishani. Kinu kilikuja kubomolewa, maana kiliwazibia walinzi upeo wa macho.

Kwanza palikuwa na uzio wa mbao, kisha seng'enge, na mwaka 1966 ukasimama ukuta wa zege wa urefu wa mita 700, wenye kimo cha zaidi ya mita 3. Wanajeshi wa Kimarekani wakakiita kijiji "Berlin Ndogo".

Mimi, katika habari zote za ukuta huo, inayonikaa rohoni ni ya salamu. Wa Magharibi aliweza kusimama mlimani, akamwona shangazi yake akianua nguo, akampungia mkono. Shangazi hakuruhusiwa kujibu. Kuitikia salamu kutoka ng'ambo lilikuwa kosa, na macho ya walinzi yalikuwa juu yake. Aliinamisha kichwa akaendelea na nguo zake. Sisi tuliolelewa tukiambiwa kwamba salamu haikataliwi hata na adui, tujaribu kufikiria miaka ya namna hiyo.

Mwaka 1973 mwanamume mmoja alisogeza gari hadi ukutani, akaegemeza ngazi, akapanda, akaangukia upande wa pili. Ndiye peke yake anayetajwa kuwa alifaulu kuuvuka ukuta huo. Mwaka 1983 alifika George Bush, wakati huo makamu wa rais wa Marekani, akautazama kutoka upande wa Magharibi, akaenda zake.

Ukuta wa Berlin ulifunguka tarehe 9 Novemba 1989. Mödlareuth walisubiri mwezi mzima: tarehe 9 Desemba likatobolewa pengo la waenda kwa miguu, na ndugu wa hatua chache wakashikana mikono. Tarehe 17 Juni 1990 tingatinga likaja kuangusha ukuta. Kipande kimeachwa makusudi, kikawa sehemu ya makumbusho, pamoja na mnara wa walinzi na uzio.

Mpaka, hata hivyo, haukwenda mahali, ila umerudi kuwa wa karatasi. Upande mmoja ni Bavaria, chini ya Töpen, na wa pili ni Thuringia, chini ya Gefell. Kijiji kimoja kina mameya wawili, namba mbili za posta na tarakimu tofauti za mwanzo wa simu. Ukipita upande wa Bavaria utaamkiwa kwa jina la Mungu, "Grüß Gott". Ukivuka kijito utaambiwa "Guten Tag". Siku hizi kila mmoja anaitikia.