Tumbo la Mwanafunzi na Hifadhi ya Elimu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, wanavyuoni wetu wa kale walitambua kwamba chakula kina athari katika hifadhi. Katika karne ya 10, tabibu Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, katika nchi iitwayo leo Tunisia, alitunga risala nzima juu ya usahaulifu na dawa yake. Yapata miaka 800 iliyopita, Burhanuddin az-Zarnuji naye aliandika Taalim al-Mutaallim, kitabu cha adabu za kutafuta elimu. Miongoni mwa mambo yaletayo hifadhi alitaja kusoma Qur'ani, kuswali usiku, kupunguza chakula, kunywa asali, na kula zabibu nyekundu 21 kila siku kabla ya kula kitu kingine. Hoja yake ilikuwa ya tiba ya zama zake: shibe huleta kiu, maji mengi huzidisha balghamu, na balghamu huleta usahaulifu.

Tiba ya leo imeiacha hoja hiyo ya balghamu, wala haioni siri katika idadi ya zabibu. Lakini uhusiano wa tumbo na ubongo imeuthibitisha. Ubongo, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, hutumia kama asilimia 20 ya nguvu zake. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua homoni ya leptini, itokayo katika mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Nazo habari za shibe hazifiki ubongoni papo hapo. Alaye kwa pupa hupita kiasi kabla ya kuarifiwa. Hapo tunaiona hekima ya Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Miqdam bin Maadikarib, aliyoitoa Tirmidhi, ya kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tusilifahamu vibaya neno la kupunguza chakula. Apunguzaye ni yule aliyepewa akaacha. Mtoto aendaye chuoni bila ya kifungua kinywa hakupunguza, amekosa. Upungufu wa madini ya chuma na iodini utotoni huidhoofisha akili inayokua. Basi mwalimu asimwite mtoto mvivu kwa kusahau aya yake kabla ya kuuliza amekula nini. Na jirani mwenye kushiba aikumbuke Sura ya Al-Maun, iliyomlaumu asiyehimiza kulishwa maskini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe kiasi katika kula, ukarimu katika kulisha, na hifadhi njema kwa watoto wetu. Amin.