Hesabu za Mbu Mpakani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walikuwa wakikusanya mbu usiku katika vijiji vya wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2006, yalitisha: kwa wastani, mkazi wa huko aliumwa mara 562 kwa mwaka na mbu wenye vimelea vya malaria. Ni zaidi ya mara moja kila usiku.

Takwimu ya namna hiyo ndiyo inayompa kazi mhandisi wa programu aliyeiacha benki au kampuni ya simu akaingia katika utafiti wa magonjwa.

Kazi hiyo ya kuueleza ugonjwa kwa hesabu ni kongwe kuliko kompyuta. Ronald Ross, daktari wa jeshi aliyegundua vimelea vya malaria ndani ya mbu nchini India mwaka 1897, baadaye aliandika milinganyo iliyoonyesha kwamba si lazima kuua kila mbu. Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia. Katika miaka ya 1950 George Macdonald akaongeza suala la umri wa mbu. Kimelea huchukua siku kumi hivi kukomaa, kwa hiyo mbu anayekufa mapema hamwambukizi mtu.

Milinganyo ile iliwachukulia watu kana kwamba wanafanana. Kompyuta imewatenganisha. Programu kama OpenMalaria, iliyozaliwa Basel, Uswisi, humfuata mtu mmoja mmoja: umri wake, kinga yake, kama ana chandarua. Mhandisi huandika msimbo wa mfano wa namna hiyo, husafisha takwimu za zahanati zilizojaa makosa ya tarehe, kisha huuendesha mfano huo mara maelfu na kuulinganisha na yaliyotokea kweli.

Na Tororo yametokea mengi. Tangu 2011 mradi wa PRISM umefuatilia kaya za Nagongera, ukiwanasa mbu vyumbani kwa mitego ya taa. Desemba 2014 nyumba zilianza kupuliziwa dawa, na malaria ikaporomoka. Baada ya dawa kubadilishwa mwaka 2020, malaria ilirudi, pamoja na mbu aina ya Anopheles funestus. Wilaya jirani ya Busia haikuwa ikipuliziwa, hivyo watafiti wakaanza kufuatilia kaya za pande zote mbili za mpaka wa wilaya hizo. Mfano wa kompyuta usioweza kueleza tofauti hiyo haufai kumshauri waziri.

Majanji, wilayani Busia ufukweni mwa Ziwa Victoria, inaongeza mtihani mwingine. Wavuvi wa mukene (dagaa) hufanya kazi usiku kwa taa. Mfano unaodhani kila mtu amelala ndani ya chandarua saa sita usiku utakosea juu yao, na anayelijua hilo bila kuambiwa ni kijana aliyekulia huko.

Chuo Kikuu cha Busitema kiko wilayani Busia, kina kampasi Nagongera, na hufundisha uhandisi wa kompyuta. Wahadhiri wake wawapeleke wanafunzi kwenye mitego ya mbu mapema, kabla kampuni za Kampala na Nairobi hazijawachukua.