Masijala ya Majina ya Intaneti

Katika miaka ya 1970, majina ya kompyuta zote za ARPANET, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi, yaliandikwa katika daftari moja tu, faili lililoitwa HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya SRI, Menlo Park, California, chini ya usimamizi wa Bibi Elizabeth Feinler. Aliyetaka jina alipeleka maombi kwa makarani wake, nao, wakiisha kuhakikisha kwamba halikuchukuliwa na mwingine, waliliandika mkabala wa tarakimu za anwani yake, kisha kila mwenye kompyuta akalazimika kulinakili daftari upya.

Mtandao ulipopanuka, taabu ilizidi, kwa maana nakala aghalabu zilipitwa na wakati mara tu zilipopokewa. Ndipo Jon Postel, wa Chuo Kikuu cha Southern California, alipomkabidhi Paul Mockapetris kazi ya kutafuta suluhisho, naye mnamo Novemba 1983 alitoa nyaraka mbili zilizoeleza utaratibu mpya: masijala igawanywe, na kila mwenye sehemu awe na madaraka kamili juu ya majina yaliyo chini yake.

Mtu aandikapo udsm.ac.tz, maulizo huanzia mkono wa kulia: seva za mzizi, zilizo kileleni mwa mgawanyo huo, huulizwa ni nani mwenye dhamana ya tz, huyo naye huelekeza kwenye ac.tz, na hatimaye hupatikana anwani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo huhifadhiwa kwa muda maalumu ili mwendo huo usirudiwe kila mara.

Kuhusu sehemu za nchi, kama hiyo tz, Postel, aliyezigawa, alikataa katakata kuwa kadhi wa kuamua ipi ni dola na ipi siyo, akafuata orodha ya herufi mbilimbili ya shirika la viwango la kimataifa, Kenya ikapata .ke mwaka 1993, na Tanzania .tz mwaka 1995.

Majina hayana ukomo wa karibu, ila anwani zina hesabu yake: namba nne zitengwazo kwa nukta, kila moja isiyozidi 255, haziwezi kupita anwani 4,294,967,296, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa Februari 2011, ilhali anwani ndefu zaidi, za mtindo wa IPv6, zilikwisha kubuniwa tangu miaka ya 1990.

Leo .ke imo mikononi mwa KeNIC, masijala ya Kenya, na .tz mikononi mwa masijala ya Tanzania, wala hapana ofisi yoyote duniani iliyo na daftari zima.